Sikio la Kupandikizwa: Ruhusa Ipo, Lakini Uliza Kwanza Likiharibika Itakuwaje



SWALI

Sheikh, mtoto wetu wa kiume ana miaka minne. Amezaliwa na sikio la kulia dogo, limejikunja, na tundu halipo. Jamaa zetu walioko nje wametuambia kuna hospitali wanamtengenezea mtoto sikio kwa kutia kitu cha plastiki chini ya ngozi, kwa upasuaji mmoja tu. Tumeanza kuchanga pesa. Mzee wetu mmoja anasema huko ni kubadilisha maumbile ya Mwenyezi Mungu. Na mama yake anasikia maneno mengi ya watu. Je, inafaa kisheria? Na hilo la plastiki lina madhara gani?

JIBU

Sifa njema zote ni za Allah (S.W.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Maswahaba zake. Amma baad.

Jawabu kwa ufupi ni kuwa inafaa kumtengenezea sikio mtoto aliyezaliwa na kasoro hiyo, na mwenye kufanya hivyo hahesabiwi kuwa amebadilisha maumbile ya Allah kwa njia iliyokatazwa. Lakini swali lenu la mwisho ndilo lenye uzito zaidi, na ndilo tutakalolirefusha. Kitu cha kigeni kikishatiwa chini ya ngozi ya mtoto wa miaka minne kinakusudiwa kukaa humo umri wake wote, na kinaweza kuleta matatizo yake. Mzazi anatakiwa ayajue kabla hajatia saini.

Hali yenyewe ni ipi

Madaktari wanaiita maikrotia: sikio la nje halikukamilika kuumbika mtoto alipokuwa tumboni. Kwa makadirio ya nchi mbalimbali huwapata kati ya mtoto 1 na 4 katika kila watoto 10,000 wanaozaliwa. Mara nyingi huwa ni upande mmoja, zaidi wa kulia, na wavulana hupata zaidi kuliko wasichana. Mara nyingi tundu la sikio nalo huwa limeziba, lakini sikio la ndani kabisa, linaloigeuza sauti na kuipeleka kwenye ubongo, kwa kawaida huwa zima. Hili mlishike, maana tutalirudia.

Sababu yake kwa watoto walio wengi haijulikani. Zipo dawa chache zinazojulikana kuharibu maumbile ya mtoto tumboni, kama isotretinoini inayotumiwa kwa chunusi, na kisukari cha mama kisichodhibitiwa huongeza hatari. Lakini kina mama wengi waliozaa watoto wa namna hii hawakufanya jambo lolote la kulaumiwa. Allah ametufundisha katika Suratu Aal-Imran kwamba kuwaunda watoto matumboni ni kazi Yake peke Yake. Basi yule anayemsema mama huyu, kwamba alifanya hivi au amefanyiwa hivi na fulani, anasema kwa dhana, na dhana ya namna hiyo imekatazwa katika Suratul Hujuraat. Mumewe na wakwe zake ndio wa mwanzo wanaotakiwa kumkinga na maneno hayo.

Kubadilisha maumbile au kuondoa kasoro?

Mzee wenu ana msingi wa maneno yake. Katika Suratun Nisaa imetajwa kwamba shetani aliapa kuwaamrisha watu wabadilishe maumbile ya Allah, na katika Hadithi Sahihi wamelaaniwa wanaochonga mianya ya meno kwa ajili ya kutafuta uzuri. Lakini Imam an-Nawawi katika sherehe yake ya Sahih Muslim amebainisha kwamba kilichoharimishwa ni kile kinachofanywa kwa kutaka uzuri. Ama kinachohitajiwa kwa matibabu au kwa kuondoa kasoro, hakina ubaya.

Katika zama zetu, Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lilikutana Putrajaya, Malaysia, mwaka 2007 na kutoa azimio namba 173 kuhusu upasuaji wa kurekebisha maumbile. Limeruhusu kurekebisha kasoro za kuzaliwa nazo, na vilevile zile zinazotokana na moto, ajali au maradhi. Kabla ya hapo, mwaka 1988 mjini Jeddah, katika azimio namba 26, lilikuwa limeruhusu kuhamisha kipande cha mwili wa mtu kutoka pahala pamoja na kukipeleka pengine kwenye mwili wake mwenyewe, kwa sharti kwamba manufaa yanayotarajiwa yazidi madhara.

Watu wengi hulisoma azimio lile la 2007 mpaka kwenye neno "inafaa" kisha wakafunga kitabu. Lakini limeweka masharti: lipatikane jambo lenye maslahi, madhara yasiwe makubwa kuliko kasoro inayoondolewa, mfanyaji awe bingwa wa kazi hiyo, na ipatikane ridhaa ya mgonjwa au walii wake. Na limemlazimisha daktari amweleze wazi mgonjwa hatari na matatizo yanayotarajiwa na yanayoweza kutokea. Kwa hivyo kuyauliza matatizo ya kipandikizi ni haki yenu mliyopewa na sheria. Msione haya kuidai.

Pua ya Arfaja

Jambo hili lina mfano wa wazi katika Sunna. Arfaja bin As'ad (Radhi za Allah ziwe juu yake) alikatwa pua katika vita vya al-Kulab, zama za ujahilia. Akatengenezewa pua ya fedha. Fedha ile ikamharibikia, ikatoa harufu mbaya, na Mtume (S.A.W.) akamwamrisha atengeneze pua ya dhahabu. Hadithi hii wameipokea Abu Daud, at-Tirmidhi na an-Nasai.

Maulamaa wetu huitumia kuonyesha kwamba dhahabu, ambayo ni haramu kwa mwanamume kuivaa, inahalalika kwa dharura hii. Lakini itazameni tena kwa jicho la mzazi. Hapa pana kiungo cha bandia kilicholeta matatizo, na mwenye nacho hakukaa nacho ndani akaona aibu. Hakuambiwa asubiri tu, wala hakulaumiwa kwa kutaka pua. Kilichofanyika ni kubadilishwa kitu kilichokuwa kikimdhuru, akapewa kisichooza wala kushika kutu. Kwa hivyo kuruhusiwa kiungo cha bandia na kufuatilia madhara yake ni mambo yaliyokuja pamoja katika Hadithi moja.

Njia zinazotumika leo

Njia ya kwanza ni gegedu la mbavu. Daktari huchukua gegedu, yaani ule mfupa laini wa kwenye ncha za mbavu, akalichonga umbo la sikio na kulitia chini ya ngozi. Njia hii ilienea baada ya Radford Tanzer wa Marekani kuitangaza mwaka 1959, kisha wakaiendeleza Burt Brent wa Marekani na Satoru Nagata wa Japani. Huhitaji upasuaji wa hatua mbili au zaidi. Mtoto husubiri mpaka mbavu zitoshe: baadhi ya madaktari huanza kwenye miaka 6, wengine husubiri karibu miaka 10.

Njia ya pili ni kiunzi cha kiwandani. Mwaka 1966 Thomas Cronin wa Marekani alieleza viunzi vya silikoni. Mwanzoni vilipendeza, kisha vingi vikaanza kutoboa ngozi na kutokeza nje, na njia hiyo ikaachwa. Mwaka 1991 daktari John Reinisch wa California alianza kutumia kiunzi cha polithilini, plastiki ngumu yenye vitundu vidogo sana ambavyo nyama na mishipa ya damu huweza kuingia ndani yake. Hicho ndicho kitu cha plastiki mlichoambiwa. Kwa kawaida hufanywa kwa upasuaji mmoja mkubwa, kuanzia miaka 3 au 4.

Njia ya tatu ni sikio la silikoni la kuvaa na kuvua, linaloshikizwa kwa gundi au kwa misumari ya titani iliyotiwa kwenye fuvu. Na kuna njia ya nne ambayo watu huisahau: kuliacha sikio kama lilivyo, na kumsaidia mtoto asikie. Hilo nalo linafaa kisheria, wala mzazi hapati dhambi kwa kuichagua.

Matatizo ya kiunzi cha plastiki

Gegedu la mtoto mwenyewe ni sehemu ya mwili wake. Plastiki haina uhai, na haiwezi kujitibu ikiingiliwa na vijidudu. Na ngozi ya sikioni ni nyembamba, haina nyama ya kutosha chini yake ya kukifunika kitu kigumu. Ndiyo maana daktari hushusha utando wenye mishipa ya damu kutoka ubavuni mwa kichwa, akakizungushia kiunzi chote, kisha juu yake akaweka vipande vya ngozi vilivyochukuliwa sehemu nyingine ya mwili. Mambo yafuatayo yanaweza kutokea.

*Kiunzi kutokeza nje.* Hili ndilo tatizo linalojulikana zaidi. Ngozi hulika pahala padogo, mara nyingi kwenye ukingo wa juu wa sikio, na plastiki ikaonekana nyeupe. Katika miaka ya mwanzo ya njia hii lilitokea kwa wagonjwa wengi, na lilipungua sana baada ya madaktari kuanza kukifunika kiunzi chote kwa ule utando. Lakini halikwisha. Linaweza kutokea wiki chache baada ya upasuaji, na linaweza kutokea baada ya miaka, hasa mtoto akipigwa au akianguka.

*Maambukizi.* Vijidudu vikifika kwenye plastiki hujijengea utando wao na kujificha kwenye vile vitundu, pahala ambapo dawa na kinga ya mwili hazifiki vizuri. Maambukizi ya juu juu huweza kutulizwa kwa dawa yakiwahiwa. Yakishaingia kwenye kiunzi chenyewe, mara nyingi hakuna njia ila kukitoa.

*Utando kukosa damu.* Katika siku za mwanzo utando unaweza kukosa damu ya kutosha, au damu ikajikusanya chini yake, na sehemu ya utando ikafa. Kwa hiyo daktari huweka mirija ya kunyonya damu na maji, na huangalia rangi ya sikio mara kwa mara.

*Kuvunjika.* Kiunzi mara nyingi hutengenezwa kwa vipande viwili vinavyounganishwa. Pigo kali linaweza kukivunja au kukiachanisha.

*Makovu.* Kichwani panaweza kubaki mstari usioota nywele. Rangi ya ngozi iliyohamishwa inaweza isifanane na ya uso. Na sisi wenye ngozi nyeusi hupata zaidi kovu la kuota, yaani keloidi. Kama katika familia kuna mtu ambaye kovu lake la chale au la kutoga limevimba na kukua, mwambieni daktari mapema.

*Kupungua hisia.* Sikio jipya huwa halihisi vizuri kama la asili. Linaweza kuungua kwa jua au kuumia, na mtoto asijue.

*Kufunga mlango wa pili.* Ule utando wa ubavuni mwa kichwa upo mmoja kila upande. Ukishatumika na kiunzi kikatolewa, kutengeneza sikio jingine kwa gegedu la mbavu kunakuwa kugumu zaidi, kwani ngozi imeshika makovu na utando umekwisha. Hili ni muhimu kuliko yote kwa mtoto wa miaka minne, na ndilo ambalo familia nyingi hazikulisikia mpaka limeshatokea.

Njia nyingine nazo zina yake

Tusije tukadhani kwamba gegedu la mbavu halina madhara. Mtoto hupata maumivu na kovu kifuani. Utando wa pafu unaweza kuchanika wakati gegedu linatolewa. Kifua kinaweza kubonyea kadiri mtoto anavyokua. Gegedu linaweza kupungua au kupinda, na nyuzi za chuma zinazoliunganisha zinaweza kutokeza. Tofauti yake kubwa ni kwamba ngozi ikifunguka kidogo juu ya gegedu lenye uhai, aghlabu hutibika kwa kusafishwa na kufunikwa, bila kupoteza sikio zima.

Misumari ya titani huacha pahala padogo palipo wazi kwenye ngozi daima. Pahala hapo panataka kusafishwa kila siku, la sivyo ngozi huwa nyekundu, ikatoa maji na kuvimba. Kwa watoto wadogo mfupa wa fuvu bado ni mwembamba, na msumari unaweza kukataa kushika. Na sikio la silikoni lenyewe hupauka na kuchakaa, linatakiwa kutengenezwa jipya baada ya miaka michache. Katika joto na jasho la visiwani kwetu, gundi nayo haidumu.

Kusikia kwanza, umbo baadaye

Ndugu zangu, sikio la plastiki halimfanyi mtoto asikie. Ni umbo tu. Lina faida zake: litashika miwani, litamwondolea mtoto macho ya watu, na utulivu wa moyo wake si jambo dogo. Katika fiqhi ya madhhab yetu ya Shafi, sikio la nje limewekewa nusu ya diya hata kama anayekatwa hakupoteza usikivu wake, kwa hivyo umbo lina thamani. Lakini mtoto mdogo anajifunza kusema, kusoma na kuhifadhi Qur'ani kwa kusikia, na muda huo haurudi.

Basi hatua ya mwanzo ni kumpima masikio yote mawili kwa daktari wa masikio, pua na koo. Anzieni Mnazi Mmoja kwa walioko Unguja, au Abdulla Mzee kwa walioko Pemba, na mkihitajika kupelekwa mbele mtaelekezwa. Akiwa na sikio moja zima, kwa kawaida atasema vizuri, lakini atapata tabu darasani penye kelele: mwalimu amweke mbele, na sikio zima limwelekee mwalimu. Akiwa masikio yote mawili yameziba, hapo jambo ni la haraka. Anahitaji kifaa kinachopeleka sauti kwa kupitia mfupa, kinachovaliwa kwa mkanda wa kichwani bila upasuaji, tangu akiwa na miezi michache. Kile cha kuchomekwa kwenye mfupa kwa upasuaji husubiri, kwa kawaida mpaka miaka 5 au zaidi.

Wapo wanaochanganya jambo hili na kile kipandikizi cha koklea ambacho Muhimbili ilianza kuwawekea wagonjwa mwaka 2017. Kile ni kwa mtu ambaye sikio la ndani limeharibika. Mtoto wa maikrotia mwenye sikio la ndani zima hakihitaji.

Mwombeni daktari pia amwangalie figo, moyo, taya na uti wa mgongo, kwa sababu kasoro ya sikio mara nyingine hufuatana na kasoro nyingine zisizoonekana.

Muulizeni daktari haya kabla ya kukubali

1. Wewe mwenyewe umewafanyia watoto wangapi kwa njia hii, na wangapi walirudi na tatizo? Mtume (S.A.W.) amefundisha kwamba anayejitia udaktari bila ya kujulikana kwa ujuzi huo hubeba dhamana ya anachokiharibu. Kwa hivyo swali hili si utovu wa adabu.
2. Kiunzi kikitokeza nje, au kikiingia vijidudu, utafanya nini? Na kikitolewa, njia gani itabaki kwa mtoto wetu?
3. Tukirudi Zanzibar, ni nani atakayemtazama, na tutawasiliana nawe vipi?
4. Je, sikio hili litamzuia kufunguliwa tundu au kuwekewa kifaa cha kusikia baadaye?
5. Mtoto akingoja mpaka miaka 8 au 10 atapoteza nini? Na akifanyiwa sasa atapoteza nini?
6. Gharama ya kurudi pakitokea tatizo ni nani atakayeilipa?

Swali la sita ni zito kwetu. Familia huuza shamba la mikarafuu, watu wa mtaa wakachanga, na pesa zote zikaishia kwenye tiketi na upasuaji wa kwanza. Tatizo likitokea mwezi wa nne hakuna kilichobaki. Wekeni akiba ya kurudi kabla ya kuondoka. Kama haipatikani, hiyo ni dalili kwamba muda bado haujafika. Wala msiingie katika mkopo wa riba kwa jambo ambalo linaweza kusubiri.

Mkiondoka hospitali, ombeni karatasi yenye tarehe ya upasuaji, aina ya kiunzi na mtengenezaji wake. Iwekeni pamoja na cheti cha kuzaliwa. Daktari wa hapa ataihitaji, na wakati wowote mtoto akitakiwa kupigwa picha ya sumaku ionyesheni kwanza, hasa kama amewekewa kifaa cha kusikia chenye sumaku.

Nyumbani, skuli na chuoni

Miezi ya mwanzo mtoto asilalie upande ule, asivae kofia inayobana, na mtandio wa msichana usikazwe juu ya sikio. Asiende kuogelea pwani mpaka daktari aruhusu. Msichana asitogwe kwenye sikio lenye kiunzi, hata akikua. Herini za kubana nazo zisitumike kabla ya kumuuliza daktari.

Msipake mafuta, majivu wala dawa ya miti juu ya sikio hilo. Dua na kisomo cha Qur'ani mzidishe, na hivyo havihitaji kupakwa kitu kwenye kidonda.

Na hapa nawaambia walimu wenzangu wa vyuo na wa skuli: acheni kuvuta masikio ya watoto. Ni tabia mbaya kwa mtoto yeyote, na kwa mtoto mwenye kiunzi, kuvutwa mara moja au kupigwa kofi moja kunaweza kupasua ngozi na kukitokeza kiunzi nje. Mzazi amfahamishe mwalimu siku ya kwanza, na mwalimu awazuie watoto wengine wasimcheke wala wasiliguse sikio lake.

Mpelekeni hospitali siku ile ile mkiona lolote katika haya:

- sikio limekuwa jekundu, la moto au limevimba kuliko jana
- linatoa usaha, maji au harufu mbaya
- kuna doa jeusi, au pahala peupe pagumu panapoonekana kama plastiki
- maumivu yanazidi badala ya kupungua
- mtoto ana homa. Msiseme ni malaria mkamnunulia dawa dukani. Apimwe malaria, na sikio nalo liangaliwe.

Msifiche kwa kuona aibu kwamba watu walichanga. Siku moja ya kuchelewa inaweza kuwa ndiyo inayopoteza sikio.

Twahara na Sala

Wazazi huuliza sana kuhusu udhu. Katika madhhab ya Shafi kupaka maji masikio katika udhu ni sunna. Kwa hivyo aliyefungwa bendeji sikioni, udhu wake unasihi bila kulipaka. Katika kichwa faradhi ni kupaka sehemu yake tu, basi atapaka pahala palipo wazi. Bendeji ikifika kwenye uso, ataosha palipo pazima, atapaka maji juu ya bendeji na atatayamamu kwa kile kilichofunikwa. Katika josho la wajibu atafanya vivyo hivyo, ikiwa maji yanamdhuru.

Jeraha likishapona, sikio lililofunikwa na ngozi yake mwenyewe litaoshwa katika josho kama sikio lolote, pamoja na nyuma yake. Sikio la silikoni la kuvaa litavuliwa ili maji yafike chini yake. Ama plastiki, silikoni na titani zenyewe ni tahiri, hazibatilishi Sala. Akifariki mwenye kiunzi kilichopandikizwa hakitolewi. Ataoshwa nacho na kuzikwa nacho.

Kwa ndugu yetu aliyeuliza

Mchango wenu si haramu, na nia yenu ni njema. Lakini mtoto wenu hayuko katika hatari inayotaka haraka ya kumpasua. Ampime daktari usikivu wake mwezi huu, fedha za mwanzo zitumike hapo, na jambo la umbo mliulizie kwa utulivu kwa zaidi ya daktari mmoja, kwa maswali tuliyoyaorodhesha. Mkipata majibu ya kuridhisha kuhusu siku litakapoharibika, swalini Istikhara na mtegemee kwa Allah. Mkikosa majibu, subirini. Mtoto akifika miaka minane au tisa ataweza kusema mwenyewe anataka nini, na hilo nalo ni sauti ya kusikilizwa, kwa sababu mwili ni wake.

Mzee wenu msomeeni Hadithi ya Arfaja kwa adabu. Na mama wa mtoto mwambieni kwamba hakukosa.

Tunamuomba Allah ampe mtoto huyu afya, elimu na usikivu wa haki, na awalipe kheri wote wanaomhangaikia.

Wallaahu A'lam.